Msiwafuate Watu wa Jumamosi

Ndugu zangu wavuvi wa kambakochi na kambamiti, kuanzia Kiunga mpaka Mtwara, na nyinyi mnaonunua, mnaosafirisha, mnaopika na mnaogonga mihuri, nisikilizeni. Katika Sura ya Al-A'raf, kuanzia aya ya 163, Mwenyezi Mungu anasimulia habari za mji uliokuwa ukingoni mwa bahari. Wafasiri wengi wanasema mji huo ni Ayla, kwenye Bahari ya Shamu. Riziki ya watu wake ilikuwa samaki, na siku ya Jumamosi walikatazwa kuvua. Ukawa mtihani mzito, kwa sababu Jumamosi samaki walikuja wenyewe, juu juu, wakionekana kwa macho, na siku nyingine hawakuja. Mtu anavuta wavu mtupu siku sita, na siku ya saba anasimama ufukweni anawatazama wakicheza mbele ya miguu yake.

Sasa tazameni walichofanya. Hawakuiasi amri waziwazi. Wafasiri wanaeleza kwamba walitega nyavu Ijumaa, wakachimba mifereji na vidimbwi, samaki wakaingia Jumamosi, wao wakaenda kuwachota Jumapili. Ungemwuliza mmoja wao, angekuapia kwamba Jumamosi hakuvua, na kweli mkono wake haukugusa maji siku ile. Mungu hakukubali kiapo hicho. Aliwahesabu kuwa waasi.

Kisa hiki tumekisikia tangu chuoni, na kwa mazoea tunakimbilia mwisho wake, ile adhabu ya kugeuzwa manyani. Leo nawaomba tusimame kwenye ile hila. Amri waliyopewa ilikuwa amri ya kufunga uvuvi kwa muda, na hila waliyoifanya watu wa Ayla ndiyo inayofanywa leo juu ya leseni zetu, vibali vyetu na misimu yetu ya kufunga. Vilivyobadilika ni vyombo tu.

Nianze na kambakochi, maana kwake hila iko wazi zaidi.

Mzamiaji wa Kizingitini anashuka mwambani na miwani yake, kimia mkononi, na fimbo yenye pweza aliyefungwa nchani. Pweza yule anaingizwa pangoni taratibu. Kambakochi anamwogopa pweza kuliko anavyomwogopa binadamu, kwa hiyo anatoka kinyumenyume, na kimia kinamngoja mlangoni. Ni ufundi wa urithi, hauvunji tumbawe wala hautoboi gamba, na mwenye kuujua ana haki ya kujivunia. Sasa yuko mkononi, papasio zake ndefu zinachapa huku na huku, mkia unagonga. Mgeuze tumbo juu. Ikiwa ni jike aliyekomaa na wakati wake umefika, chini ya mkia utaona mayai madogo madogo ya rangi ya chungwa, yameshikana kwenye vijiguu laini vya kuogelea, yamejaa mpaka mkia haukunjiki vizuri. Yakikaribia kuanguliwa rangi hugeuka hudhurungi. Hayo ni mayai laki kadhaa kwa mama mmoja.

Hapo ndipo kanuni inapokukuta, ndugu yangu. Inakukuta uko peke yako, chini ya maji, pumzi inakaribia kwisha, bila afisa uvuvi, bila polisi, bila mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya usimamizi wa ufukwe. Kanuni inasema mwenye mayai arudishwe, na mdogo asiyetimia kipimo naye arudishwe. Ni wewe na Mola wako tu mnaojua kilichokuwa mkononi mwako.

Wako wanaomrudisha, Mungu awalipe. Wako wanaomtia kikapuni na mayai yake, nao ni wakosaji wa wazi. Halafu wako watu wa Jumamosi. Hao wanajua kwamba tajiri anayewanunulia hatampokea mwenye mayai, kwa sababu naye ana leseni ya kulinda. Basi wanachukua brashi, au hata kiganja chenye mchanga, wanayasugua mayai yanaanguka baharini. Kambakochi anafika mnadani mkia wake safi, halali machoni pa watu. Mnunuzi akimtazama kwa karibu ataona vinyweleo vya vile vijiguu vimekatika na mabaki ya utando wa mayai bado yamenata. Anaona. Anaweka kwenye mizani, anapima, analipa. Wote wawili wataapa kwamba hawajauza wala kununua jike mwenye mayai, na kiapo chao ni kile kile cha Ayla.

Mnajua kilichoanguka pale? Yai la kambakochi likianguliwa, kinachotoka si kambakochi mdogo. Ni kiumbe bapa kama jani, kinachopenya mwanga, kisichoweza hata kushindana na mkondo. Kinaelea bahari kuu kwa miezi, kinaliwa na kila mwenye mdomo, na wachache mno wanaosalimika ndio wanaorudi mwambani, wakatulia, wakajibua gamba mara kwa mara, wakakua. Aliyeanguliwa kwetu huenda akatulia mbali, hata nchi ya jirani, na wa jirani akatulia kwetu. Kwa hiyo anayesugua mayai Kilwa anaweza kuwa anamwibia mtu asiyemjua kabisa wa Lamu, na wa Lamu vivyo hivyo. Dhuluma hii haina mpaka. Nayo inachukua miaka kuonekana, ndiyo maana inavumilika kwa urahisi: siku pango litakapokuwa tupu, hakuna atakayekumbuka ile brashi.

Ndugu zetu Wakristo nao hawana udhuru, kwa kuwa Torati imelisema jambo hili karibu kwa jina. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru mtu anayekuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na wanawe. Mama aachwe aende. Tena amri hiyo imeambatanishwa na ahadi ya heri na maisha marefu, ahadi inayofanana na ile waliyopewa wanaowaheshimu baba na mama. Kwa ndege, unaweza kumtenga mama na kiota. Kambakochi kabeba kiota chake tumboni. Hakuna njia ya kumchukua mmoja ukamwacha mwingine, kwa hiyo amri inabaki na maana moja: waache wote wawili.

Na kwenu matajiri, maana mimi sitamhubiria maskini peke yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Akamwuliza mwenye nafaka. Yule akajitetea kwa mvua. Mtume akataka ile iliyolowa iwekwe juu, watu waione, kisha akamkana mwenye kudanganya. Leo nenda kwenye kreti za kambakochi zinazosubiri kupelekwa Mombasa au Dar es Salaam. Tia mkono chini. Juu wamelala wakubwa, wa kipimo, wa kupigwa picha. Chini wamejazwa wadogo ambao hawajazaa hata mara moja. Kibali cha kusafirisha kiko mfukoni, kina muhuri, kina uzito, kina tarehe. Kila kitu kwenye karatasi ni sahihi isipokuwa kilichomo kwenye kreti.

Msiniambie wavuvi ndio wanaoleta wadogo. Wanawaleta kwa sababu mnawapokea. Mvuvi wa kamba haweki mzigo nyumbani akangoja bei. Ana kambakochi aliye hai, saa zinahesabika, na mara nyingi chombo, nyavu, hata mafuta ni mkopo kutoka kwako. Siku utakayowarudisha wadogo watatu mbele ya watu, pale pale mizanini, kesho yake kijiji kizima kitakuwa kimejua kipimo bila semina. Nguvu hiyo unayo wewe kuliko afisa yeyote, na utaulizwa juu yake.

Sasa nije kwa kambamiti. Maisha yake ni mafupi na ya haraka, na kosa lake linalipwa upesi zaidi.

Mama kambamiti hutaga baharini. Mayai huanguliwa ndani ya muda mfupi, watoto husukumwa na maji mpaka kwenye mikoko na midomo ya mito, huko hukaa wakila na kukua miezi michache, kisha mvua zikijaza mito hutoka tena kwenda kwenye kina. Wachache sana huishi zaidi ya miaka miwili. Ndiyo maana uvuvi wa kambamiti umekaa palipo na mito na mikoko: delta ya Rufiji, yenye mikoko mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000; mwambao wa Bagamoyo na Saadani; na ile Ghuba ya Ungwana na Malindi inayopokea maji ya Tana na Sabaki. Ukimvua kambamiti akiwa bado mdogo kwenye mikoko, hujavua chakula cha maana, umevua mavuno ya miezi mitatu ijayo. Ukimvua mama kabla hajataga, umevua mwaka mzima.

Kwa hiyo msimu wa kufunga haukutungwa ofisini ili kumtesa mtu. Umefuata mwendo wa kiumbe chenyewe. Nchini Kenya, trola za kambamiti hufungiwa kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, kipindi ambacho sehemu kubwa yake ni kaskazi. Wenye trola wameamriwa kuvua mchana tu, kukaa mbali na ufuko, na kufunga kwenye nyavu kifaa cha kumtoa kasa. Kila sharti kati ya hayo lina kaburi nyuma yake. Sharti la umbali limetokana na majarife ya wavuvi wadogo yaliyochanwa usiku na trola zilizopita juu yake bila kusimama. Sharti la kasa limetokana na kasa waliokufa maji ndani ya nyavu za kukokota, mnyama anayehitaji kupanda juu kuvuta pumzi kama sisi tunavyohitaji. Na hili la kasa lina uzito hata sokoni: Marekani ina sheria tangu 1989 inayozuia kamba waliovuliwa baharini kutoka nchi zisizowalinda kasa. Anayekifungua kifaa kile akiwa mbali na macho ya watu anaweza kuwafungia soko wenzake wote wa nchi yake.

Kumbukeni tulikopita. Mwaka 2006 Kenya ilisimamisha trola katika Ghuba ya Ungwana baada ya miaka ya ugomvi kati ya meli na wavuvi wadogo, na haikuzirudisha mpaka ulipoandikwa mpango wa usimamizi wa 2010. Tanzania nayo, ilipofika 2008, ilikuwa imesimamisha trola zote za kambamiti, kwa kuwa mavuno yalikuwa yameporomoka. Kabla ya hapo kulikuwa na leseni! Kulikuwa na kanda tatu za kuvulia, kulikuwa na miezi ya kufunga, kulikuwa na saa za kuvua. Karatasi zilikuwepo zote. Bahari ikaisha huku karatasi zikiwa zimekamilika. Hilo ndilo linalonitisha kuliko wavuvi haramu wote wa pwani hii, ndugu zangu, kwa sababu mvuvi haramu tunaweza kumkamata, lakini nani atatukamata sisi tulio na vibali, tunaolipa ada, tunaoonyesha leseni kwa ujasiri, halafu tunatega Ijumaa na kuchota Jumapili?

Basi leseni ni nini hasa mbele ya Mungu? Nasema ni amana. Kambamiti wa Rufiji hakuumbwa na mwenye meli, wala na Wizara, wala na mimi. Ni mali ya wote waliopo na watakaozaliwa. Mmoja akiruhusiwa kuvua na mwingine akazuiwa, maana yake umma umemkabidhi yule mmoja kitu chake kwa masharti. Ada anayolipa ni ndogo mno kuwa bei ya bahari. Anachonunua ni ruhusa ya kuaminiwa kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana leseni ina jina, ina chombo, ina zana, ina eneo, ina muda. Anayechukua leseni ya chombo kimoja akavulia vitatu kavunja amana. Anayechukua leseni ya nyavu halafu akashuka na mtungi wa hewa kuwafuata kambakochi kwenye kina walikokuwa wamejificha, amewanyang'anya maficho yao ya mwisho. Anayemkopesha mgeni jina lake ili kibali kitoke, huyo ameuza asichokimiliki.

Bunduki ya mshale nayo Kenya iliipiga marufuku tangu 2001 pamoja na juya la ufukweni, na bado iko majini. Juu yake sina maneno mengi. Haramu ni haramu, na wewe unayeificha chini ya mkeka wa mtumbwi unajua hivyo kuliko ninavyojua mimi.

Kuna anayesema moyoni: shehe, watoto watakula nini? Namheshimu, kwa sababu swali lake ni la kweli, na anayelijibu harakaharaka hajawahi kukaa na njaa. Mama anayetanda kwa chandarua mkondoni pamoja na jirani yake, maji kifuani, akitafuta uduvi wa kitoweo, si adui wa bahari. Lakini ndani ya chandarua kile kuna vitoto vya kambamiti visivyo na ukubwa wa ukucha, na vikifa mchangani havimshibishi yeyote. Kosa lake ni dogo na hitaji lake ni kubwa; kosa la trola ni kubwa na hitaji lake ni faida. Sheria inayowaadhibu sawasawa haina haki. Inayomkamata mama wa chandarua na kumpungia mkono mwenye meli ni dhuluma tupu, na dhuluma ni giza Siku ya Kiyama hata ikiwa imepigwa muhuri.

Kwa hiyo niseme na nyinyi wenye mamlaka, mliopo Dodoma, Nairobi na Unguja. Mnadai utii wa kanuni, na mna haki ya kuudai. Lakini mvuvi mdogo analipia usajili wa chombo, leseni ya chombo, leseni yake mwenyewe, ushuru wa halmashauri, kibali cha kusafirisha, kila kimoja dirisha lake, na mengine ofisi iko mji mwingine, nauli yake inazidi ada. Mtu mwema anaingizwa kwenye uhalifu na foleni! Fanyeni leseni ipatikane dikoni, siku moja, kwa bei ambayo mtu wa ngarawa anaiweza. Kisha orodha ya meli zilizopewa leseni za kambamiti, jina kwa jina, eneo na muda wake, ibandikwe ubaoni kila bandari, watu wasome. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 69, inaitaka Serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira. Watashirikije kulinda wasichoonyeshwa? Siri ndiyo nyumba ya rushwa. Mnapotoa leseni gizani mnamfundisha mvuvi kwamba bahari ni ya mwenye kuwahi.

Na wewe bwana samaki unayepokea bahasha na kutazama pembeni. Mshahara wako ni mdogo, najua, mafuta ya boti ya doria hayatoshi, najua. Umeapa. Ukiwa umesimama pale ufukweni huwakilishi ofisi tu, unamwakilisha mtoto ambaye bado hajajifunza kuogelea na ambaye siku moja atashuka kwenye pango lile lile kutafuta karo. Rudisha bahasha. Andika ripoti. Kama hakuna wa kuipokea, isome mbele ya mkutano wa kijiji.

Rudini nami Ayla kidogo, kwa maana kuna jambo katika kisa kile ambalo wavuvi wengi hawaambiwi. Mji ule uligawanyika mafungu matatu. La kwanza ni wale wa hila. La pili ni waliosimama wakakataza, wakaonya, wakachukiwa. La tatu hawakuvua wala hawakukataza. Wao waliwauliza waonyaji kwa nini wanajisumbua kuwahubiria watu ambao Mungu atawaangamiza tu. Adhabu iliposhuka, Qur'ani inatueleza kwamba waliokataza uovu waliokolewa na waliodhulumu wakachukuliwa. Wale wa fungu la tatu hawakutajwa. Wafasiri wamekhitalifiana juu yao mpaka leo: wengine wanasema waliokoka, wengine wanasema waliangamia, wengine wakaogopa kusema.

Na fungu hilo la tatu ndilo kubwa kwetu. Wajumbe wa BMU mnaojua ni nani anayesugua mayai na mnaogopa undugu, ni nyinyi. Manahodha mnaoona trola ndani ya mpaka usiku, taa zimezimwa, mkasema si shauri langu, ni nyinyi. Wapishi wa mahoteli ya Malindi na Nungwi mnaopokea kambakochi wa kiganja kwa sababu anakaa vizuri kwenye sahani moja, ni nyinyi. Masheikh na wachungaji tunaosoma dua ya kuzindua chombo kipya na kupokea sadaka yake bila kuuliza kitavua nini na wapi, ni sisi. Mimi siko tayari kusubiri wafasiri waamue juu yetu.

Wala msidhani kwamba utii ni kazi bure. Magharibi ya Australia, wavuvi wa kambakochi walifungiwa idadi ya vyombo na mitego tangu 1963. Mwenye mayai wanamrudisha. Wataalamu wao wanahesabu wale watoto wanaorudi kutoka bahari kuu kila mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 2000, hesabu ilipoonyesha kwamba watoto wamepungua vibaya, walikata mavuno mapema, miaka kadhaa kabla upungufu haujafika kwenye mitego. Wavuvi waliumia, walilalamika, lakini kambakochi wapo. Mwaka 2000 uvuvi huo ulikuwa wa kwanza duniani kupata cheti cha uvuvi endelevu cha MSC. Upande wa pili tazameni Ghuba ya Maine, Marekani, ambako uvuvi wa kamba wa maji baridi umefungwa tangu 2014. Maji yalipata joto, kamba wakapungua, na mlango ulipofungwa walikuwa wamekwisha kuwa haba. Miaka ikapita na hawakurejea kwa wingi. Bahari yetu nayo inapata joto. Mito yetu inabanwa kwa mabwawa, mikoko inakatwa kwa nguzo na mashamba. Mambo hayo mvuvi hana uwezo nayo peke yake. Alilo na uwezo nalo ni lile lililoko mkononi mwake, tumbo juu, pumzi ikikaribia kwisha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaita kwenye mambo yanayowezekana tangu leo. Mzamiaji, ukimgeuza ukaona rangi ya chungwa, mrudishe pangoni, usimtupe juu ya maji akaliwa kabla hajafika chini. Mwenye chombo, soma leseni yako yote, upande wa mbele na wa nyuma. Usiyejua kusoma mwombe mwanao wa darasa la sita akusomee usiku huu. Tajiri, weka kipimo juu ya mizani na ukitumie mbele ya macho ya watu, hata mwenye kambakochi awe shemeji yako. Mama zangu wa mkondoni, mwageni chandarua kwenye beseni la maji, chagueni uduvi, vitoto vya kambamiti virudisheni mtoni vikiwa hai. Wenye trola, kaeni nje ya mpaka hata usiku usio na mwezi. Wajumbe wa BMU, mkutano ujao msiufungue kwa ajenda ya posho. Fungueni kwa swali la nani amewaona wenye mayai sokoni wiki hii, na majibu yaandikwe kwenye daftari.

Na kama mtu wa nyumba yako ndiye mkosaji, mwendee kwanza wewe mwenyewe, jioni, kwa upole, bila kumfedhehesha. Akikataa, nenda na mzee. Akikataa tena, mpeleke kwenye kamati, umepata udhuru wako mbele ya Mola wako. Nendeni mkawaambie. Msikae kimya.